Mwalimu Aliyebeba Salamu kwa Pikipiki

Wewe nakuamini, ndiyo maana nakueleza jambo ambalo hata nyumbani kwangu nimelisema nusu nusu. Nataka kukupa habari za Mwalimu wetu wa jioni. Ndani yake mna habari zangu mimi na dadangu, kwa hivyo soma mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Jina lake silitaji. Mwenyewe hakupenda kutajwa, na sisi wanafunzi wake, kina mama tulioacha shule tukiwa wadogo, tulimwita Mwalimu basi. Wala usiniulize alizaliwa wapi na babake ni nani. Ukimuuliza hayo alikujibu, "Mimi kwetu ni barabarani, kutoka Vanga mpaka Mambrui," halafu anakurudisha kwenye kitabu.

Darasa letu la ngumbaru, la watu wazima, lilikuwa Bondeni, Mombasa, chumba cha juu ya duka la vitambaa. Tulianza baada ya alasiri, tukamaliza muadhini akikohoa kwenye kipaza sauti kabla ya magharibi. Mimi niliacha shule darasa la tano, mamangu alipoanza kuugua, nikaja kushika kalamu tena nikiwa na watoto watatu. Siku ya kwanza niliandika jina langu, nikalitazama, nikaona haya kama mtu aliyejiona kwenye kioo cha duka. Mwalimu akaniambia, "Usilifute. Ni lako."

Kila somo alianza kwa kuchora mstari mmoja uliopinda, kutoka chini ya ubao hadi juu. Huo ndio mwambao wetu. Huku chini Vanga, mpakani. Halafu Shimoni, Msambweni, Gazi, Ukunda. Katikati duara dogo, sisi wa kisiwani. Juu Mtwapa, Takaungu, Kilifi, Malindi, na mwisho kabisa Mambrui. Hesabu tulifundishwa kwa mstari huo. "Pikipiki yangu yanywa chupa moja ya mafuta kufika Mtwapa na kurudi. Kilifi itakunywa ngapi?" Tukajua kugawanya kwa sababu ya tangi la Mwalimu.

Na hilo tangi lilikuwa la kijani, si kijani cha dukani bali cha mlango. Alipopaka mlango wake rangi ilibaki, na Mwalimu hakuwa mtu wa kumwaga kilichobaki. Kiti kilishonwa kwa turubai. Alikuwa na fundi wake Liwatoni, fundi wa mashine za boti, ambaye aliitengeneza pikipiki ile kwa vipuri vya baharini. Huyo fundi hakuacha kumtania hata siku moja.

"Mwalimu, hii si chombo cha barabara. Ipeleke Ngomeni, wazungu waje waipige picha."

"Ikienda Ngomeni," anajibu Mwalimu, "yenyewe itaingia bure, mimi watanitoza."

Na kweli hakuwahi kuingia Ngome ya Yesu. Alikaa mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka lango lake, alitufundisha Wareno waliijenga vipi na nani aliwatoa, lakini ndani hakukanyaga. Tulipomuuliza alisema, "Ile ipo. Haihami. Mimi naenda kwanza kwa walio mbali." Kulipa tiketi ya kutazama ukuta aliouona kila siku bila malipo, roho yake haikukubali.

Shule zikifungwa, Mwalimu huyo njiani. Mwaka mmoja kusini, mwaka mmoja kaskazini, na miaka mingine kote kuwili. Watu walidhani ana mali iliyofichwa, kwa sababu anayetembea hivyo kwetu ni mtalii. Hana lolote. Nimeuona mfuko wake ukifunguliwa: mkate wa mofa uliokauka hivi kwamba ungeweza kupigia msumari, tende, chupa mbili za maji, kanzu moja imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, plagi ya akiba, mnyororo wa zamani, na kofia yake ya viua, iliyodariziwa kwa mkono, aliyoitunza kuliko vyote. Hoteli hakulala. Feri ya Likoni aliivuka amefumba macho, kwa sababu mtu huyu aliyezunguka pwani nzima aliogopa bahari. Kuogelea hakujui. Ufukweni alisimama mchanga unapokauka, akisema, "Naiona vizuri kutoka hapa."

Katika ibada tulikuwa tukikosana kidogo. Akisafiri anapunguza sala, nami nakubali, msafiri ameruhusiwa. Lakini siku moja alikwenda Mtwapa asubuhi akarudi mchana, akasema adhuhuri ameipunguza.

"Mwalimu, Mtwapa si safari!"

"Kwa gari si safari, Mama Rukia. Panda pikipiki hii ndipo uje unitolee fatwa."

Nilicheka, lakini siku ya pili nilimpelekea maneno ya ustadhi wetu nimeyaandika kwa mkono wangu. Akasahihisha herufi kubwa mbili, akairudia ile sala.

Sasa alikula nini, akalala wapi? Hapo ndipo penye siri yake, na ndipo nilipoingia mimi.

Mwalimu alibeba salamu. Wiki moja kabla ya safari alipita Bondeni na Mji wa Kale na daftari lenye jalada gumu. "Naenda kusini. Nani ana salamu?" Watu humpa. Mmoja ana shangazi Gazi, mmoja ana mtu aliyesoma naye chuoni Msambweni, mwengine ana mke mwenza wa zamani wa mamake huko Shimoni. Utasema siku hizi kuna simu. Simu ipo, lakini mtu ana wangapi asiowapigia? Hamna ugomvi, hamna neno, siku zapita tu. Kumpigia baada ya miaka tisa ni lazima ujieleze. Salamu haina maelezo.

Basi Mwalimu anafika, anaketishwa, anasoma salamu yake, inaitikiwa, na mwenye nyumba yeyote wa pwani hawezi kumwacha mleta salamu aondoke na njaa. Wali utapikwa. Mkeka utatandikwa. Kesho yake anapewa salamu za kupeleka mbele, na nyingine za kurudisha Mombasa. Hivyo ndivyo alivyozunguka mwambao wote kwa pesa za mafuta peke yake.

Alikuwa na masharti. Vifurushi habebi. "Mzigo unakula mafuta, salamu haina uzani." Posa habebi. Maneno ya shari habebi. Jirani yetu mmoja alimwambia, "Mwambie mkwe wangu wa Kilifi, mimi si mjinga, nayajua yote." Mwalimu akafunga daftari. "Hiyo si salamu, hilo ni jiwe. Mtupie mwenyewe."

Pia kila salamu aliandika na namna ilivyosemwa. Hilo alifunzwa na bibi mmoja wa Takaungu. Alimpelekea salamu za rafiki yake wa utotoni, bibi akamfanya azirudie mara tatu, kisha akamuuliza, "Alizisema kwa sauti gani?" Mwalimu hakujua. Bibi akasema, "Basi umeniletea nusu." Tangu siku hiyo utaona kwenye daftari: alisema akicheka. Alisema amesimama, ana haraka. Alisema baada ya kufikiri.

Na alipokaribia mji wa watu alizima pikipiki nje kabisa. Akavua helmeti, akavaa kofia ya viua, akakung'uta vumbi, akaikokota pikipiki kwa mkono mpaka mlangoni. Alisema ni aibu kuingia kwa watu unanguruma. Fundi wa Liwatoni alisema ni kubana mafuta. Mimi naona yote mawili ni kweli.

Wapo waliomwita mdoezi. "Mwalimu, leo wadoea wapi?" walimpigia kelele barazani, na yeye anajibu, "Kwa shangazi yako, nikuletee ukoko?" Hakukasirika. Mara moja tu nilimwona limemgusa. Mwanafunzi mwenzetu alisema kwa mzaha, "Ni wali ule Mwalimu anaoufuata, salamu ni kisingizio." Mwalimu akaacha chaki, akasema taratibu, "Salamu ukikubali kuibeba ni amana. Nisipoifikisha, wali ule ni haramu tumboni mwangu."

Liweke neno hilo akilini.

Mimi nina dada mmoja, mkubwa wangu, ameolewa Vanga. Mama yetu alifariki kwangu, alfajiri. Nilimpigia dadangu, akasema yuko njiani. Maiti ikaoshwa, ikakafiniwa, adhuhuri ikapita. Wajomba wakaja mlangoni kuniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyemuuguza: "Tumngoje dada yako ama tumzike?" Sisi tumefunzwa maiti isicheleweshwe. Nikasema, "Mzikeni." Dadangu alifika kaburi limeshafunikwa. Alikaa usiku mmoja, akarudi kwake, na tangu hapo hakuongea na mimi. Nikimpigia, simu yalia mpaka yakatika.

Kwa miaka saba nilijiambia sikukosa. Nilifuata sheria, na ni kweli nilifuata. Lakini najua vilevile kwamba Muislamu hawezi kumnunia nduguye zaidi ya siku tatu, na kila Ramadhani nilifunga nikiwa na hofu kama funga yangu yapanda juu ama yabaki darini.

Mara ya kwanza Mwalimu aliponiuliza, "Mama Rukia, Vanga huna mtu?" nilisema sina. Mara ya pili nikasema ninaye. Akafungua daftari. Nikasema, "Mwambie mdogo wake yuamsalimia." Akaandika. Aliporudi nikamuuliza kabla hajakaa, "Zimefika?"

"Zimefika. Zimeitikiwa."

"Hakusema neno?"

"Zimeitikiwa, Mama Rukia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mara tano. Kila mara nikaongeza kidogo. Mwambie watoto wamekua. Mwambie yule wa tatu amefanana na mama. Mwambie namuombea. Na kila mara jibu lilelile, zimefika, zimeitikiwa. Nikawa naona moyo wa dadangu ni jiwe la kusagia.

Mara ya sita, kabla ya Ramadhani, nilibaki darasani wenzangu walipotoka, mlango wazi. Nikamwambia Mwalimu, "Mwambie nilikosa kutomngoja." Kulitamka lile neno kulinichukua miaka saba. Mwalimu aliandika, akaongeza kitu pembeni, akafunga.

Aliporudi safari ile hakuja darasani siku tatu. Nilipompata nikamuuliza. Akasema, "Zimefika. Ameitika." Hakunitazama. Nami nikarudi nyumbani, nikamwambia mume wangu, "Basi. Nimesema nilikosa, na bado ameitika tu. Sitatuma tena." Nikakata tamaa ya dadangu. Nakwambia ukweli, niliacha hata kumtaja kwenye dua.

Baada ya hapo Mwalimu hakusafiri tena. Macho yalikuwa yameanza kumharibika, maandishi ya ubaoni yalipanda juu kama ngazi, na darasa likafungwa. Tulisema ni uzee.

Ilikuwa baada ya Idd ya kuchinja nilipokwenda Liwatoni kununua samaki. Nikamkuta Mwalimu kwa fundi wake, amekaa kwenye sanduku la mashine, pikipiki ya kijani imesimama kando yake imefunikwa gunia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sauti ya Mama Rukia hiyo. Keti."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Fundi alikuwa papo hapo akigonga kitu. Mwalimu akatoa daftari mfukoni, akanipa.

"Macho hayanisaidii. Tafuta ukurasa wa Vanga. Nisomee, kwa sauti."

Nikaupata. Upande wa kulia ziko salamu zangu, moja hadi sita, kwa mwandiko wake mzuri. Upande wa kushoto aliandika jinsi zilivyopokewa. Nikasoma. Ya kwanza: *Nimemkuta mume wake barazani. Ameitika yeye. Amesema atamfikishia.* Ya pili: *Barazani. Ameitika mume.* Ya tatu, ya nne, ya tano, vivyo hivyo. Barazani. Barazani.

"Mwalimu," nikasema, "kumbe hukuonana naye?"

"Endelea kusoma."

Ya sita, ile yangu. Kwanza pembeni ya maneno yangu aliandika: *alisema akitazama sakafu.* Kisha kushoto: *Mume hayuko, ameenda Tanga. Nimepiga hodi, ameitika mwenyewe kutoka ndani, nyuma ya mlango. Nimemsomea. Ameuliza hii ni salamu ya ngapi. Nimesema ya sita. Amesema, hii ndiyo ya kwanza kunifika. Amesema, mwambie nimeitika kwa sababu kuitika ni wajibu, lakini hayo mengine aje aniambie mwenyewe asinitumie mtu nitamngoja.*

Mwalimu akasema, "Umesoma haraka. Baada ya 'mwenyewe' pana kituo. Rudia."

Wallahi nilitaka kumrushia daftari lile. Nikarudia. *Aje aniambie mwenyewe. Asinitumie mtu. Nitamngoja.*

"Tangu lini?" nikamuuliza. "Tangu mwezi wa Mlisho, kabla hatujafunga! Ramadhani imepita, Idd mbili zimepita. Mwalimu, ameningoja muda wote huo!"

"Amekungoja."

"Na wewe ukanambia ameitika."

"Niliogopa." Akasugua magoti. "Mimi mwanamume mgeni. Siwezi kufika mlangoni mwa mtu nikaita mkewe. Mumewe yuko barazani, anipokee, aitike, aseme atafikisha. Wali unakuja. Nilikula. Mara tano nilikula, sikumuuliza hata mara moja: zile za mara iliyopita, ulimpa? Ningekwambia jibu la dada yako, ningelazimika kukwambia na hizo tano. Nami nilishawaambia darasa zima wali ule ni nini."

Fundi aliacha kugonga. Nilikuwa na hasira, sikufichi. Nilitazama kikapu changu kitupu, nikamtazama yule mzee na kofia yake ya viua, nikakumbuka ni yeye aliyenifunza kuyasoma maneno yale. Angeweza kulichoma daftari. Angeweza kuupasua ukurasa, nami nisingejua mpaka naingia kaburini.

Nikasema, "Kwa nini wanionyesha leo?"

"Kwa sababu siioni tena barabara. Jibu lile ilikuwa juu yangu kulifikisha, sikulifikisha, na sasa wa kwenda ni wewe." Akamwita fundi. "Mpe ufunguo."

Fundi akasema, "Mwalimu, chombo hiki Vanga hakifiki."

"Kitafika. Kimeshafika zaidi ya mara ishirini."

"Basi Mama Rukia achukue na kasia."

Mume wangu aliwahi kupeleka mizigo ya duka kwa pikipiki ujanani, kwa hivyo hakuogopa, aliogopa rangi tu. "Mimi, na ndevu zangu hizi, nipite Likoni na mlango?" Lakini Jumamosi baada ya alfajiri tuliondoka, mimi nyuma na buibui langu nimelifunga vizuri lisiguse mnyororo, mkate wa mofa na tende mfukoni kama alivyotuagiza. Tuliivuka feri. Ukunda tulitia mafuta. Ramisi plagi ikafa, tukaweka ile ya akiba. Sikuwahi kuuona mwambao wetu hivyo, wazi pande zote, minazi, halafu mashamba, halafu harufu ya chumvi yarudi tena, na kila mji nikauona kwenye ule mstari wa ubaoni ukipita ulipotakiwa kupita. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, na nilikuwa nikiijua barabara ile kwa chaki tu.

Mwalimu alitupa agizo moja zaidi. "Zimeni nje ya mji, mkokote. Na wewe Mama Rukia, usimpe mtu wa barazani neno lolote. Mimi mlango ule sikuwa na ruhusa ya kuuvuka. Wewe unayo."

Tukazima, tukakokota. Shemeji yangu alikuwa barazani. Alipotuona alisimama, uso ukambadilika.

"Karibuni, karibuni! Ketini hapa kwanza. Mke wangu ana presha, nitamwambia taratibu."

Sasa nikamwelewa. Hakuwa mtu mbaya. Jina langu likitajwa mke wake anaumwa, basi kila salamu aliikalia pale pale kama anavyokalia mkeka.

"Shemeji, sikujia baraza leo," nikamwambia, nikavua viatu, nikapita.

Dadangu alikuwa ukumbini, ungo mapajani, akichagua mchele. Amekonda. Hakuinuka.

"Dada, shikamoo."

Akaendelea kuchagua. Kisha akasema, "Nimesikia pikipiki yaja, halafu ikanyamaza. Nikasema huyo ni yule mzee wa salamu."

"Ni mimi. Nimekuja mwenyewe. Nilikosa kutokungoja."

Akaweka ungo chini. "Siku ile nilipanda gari la samaki. Nilikalia barafu kutoka hapa mpaka Likoni, nguo zote maji. Lakini si kuzika kulikonikata. Mama alikuwa maiti, na maiti yazikwa. Ningekuwa mimi ningezika pia." Hapo sauti ikapasuka. "Nimefika kwako, nakuta wanaume barazani. Watu wa barazani ndio walonambia mamangu ameshazikwa. Watu wa barazani! Nawe u ndani, wasikia sauti yangu, hukutoka."

Miaka saba nilikuwa nikijibu swali ambalo hakuniuliza. Na ni kweli, nilimsikia. Niliona haya kumtazama, nikawaachia wengine wamwambie.

Nikakaa sakafuni, nikauvuta ungo, tukachagua mchele pamoja, yeye akilia na mimi nikilia, na mchele ule ukapikwa wenye mawe, mume wangu ni shahidi.

Tulikaa siku mbili. Tulipoondoka alinipa salamu.

Mwalimu nilimkuta kwake Mji wa Kale, asubuhi, vitu vyake vimefungwa. Binti yake, anayekaa Mambrui, alikuwa amekuja kumchukua akaishi naye. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu huyu akisafiri kwa basi. Nilimrudishia ufunguo, akaupapasa, akanirudishia.

"Umeingia ndani?"

"Niliingia."

"Hukuketi barazani?"

"Sikuketi. Na nina salamu zako, Mwalimu, kutoka kwa dadangu. Amesema: mwambie mzee, ya sita ilizifuta zile tano, na wali wake ni halali. Alisema akicheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya leso."

Aliyekuwa akiwaletea wengine miaka yote, sidhani kama aliwahi kuletewa. Mwalimu akavaa vizuri kofia yake ya viua, akakaa wima, akaitikia salamu ile kikamilifu, neno kwa neno, kama anayejibu mtu aliye mbele yake. Kisha akanisukumia daftari.

"Ukurasa wa Vanga. Upande wa kushoto. Andika."

"Niandike nini?"

"Imefika."

Nikaandika. Akapitisha kidole juu ya wino. "Umeweka kituo?"

"Nimeweka."

Basi hiyo ndiyo habari, nami nimeiandika kama alivyonifunza. Sasa ni yako kuibeba. Msimulie mwenzako, naye amsimulie wa kwao. Na ukipata mtu wa kwenda Mambrui, mwambie aulize nyumba ya mwalimu mzee asiyeona vizuri, amsomee yote haya kwa sauti, vituo vyote. Asimwachie mtu nje. Apige hodi, aingie ndani.